Louis Leakey: Mwana wa Kabete aliyefunzwa kutoiamini kumbukumbu

YEYOTE aliyewahi kununua kipande cha ardhi Kitengela anaifahamu thamani ya bikoni. Mnunuzi huonyeshwa pembe nne za ploti, akatazama kichaka kilicho karibu, akahesabu hatua kutoka barabarani, kisha akaondoka na hakika moyoni kwamba hatasahau. Miaka michache baadaye hurejea na fundi wa kuchimba msingi, akakuta bikoni imeng'olewa, kichaka kimefyekwa na majirani watatu wana kumbukumbu tatu zinazokinzana. Ajabu ni kwamba huenda hakuna hata mmoja kati yao anayedanganya.

Mkasa wa aina hiyo uliwahi kumpata mmoja wa watafiti mashuhuri zaidi kuzaliwa katika ardhi ya Kenya, Dkt Louis Seymour Bazett Leakey. Nusura umwangamize kabisa. Wengi humkumbuka kama mtu wa mafuvu na mawe ya kale. Hata hivyo, mwanafunzi anayefungua kitabu cha kwanza cha saikolojia atakuta kwamba sura zake za mwanzo, yaani utafiti, ubongo na kumbukumbu, zinaweza kufundishwa zote kwa maisha ya mtu huyu mmoja. Isitoshe, ushahidi wa kile alichojifunza ungali umelala mahali pake hadi leo, katika Kaunti ya Kajiado.

Utoto wa Kabete

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika kituo cha wamishonari wa Kianglikana huko Kabete, ambako wazazi wake, Harry na Mary, walikuwa wakihubiri. Alikua pamoja na vijana wa Kikuyu, akaimudu lugha yao kama mwenyeji, na alipokaribia umri wa miaka 13 akapitishwa jandoni pamoja na wenzake wa rika. Walimpa jina la Wakuruigi, na yeye mwenyewe alijihesabu kuwa Mkikuyu aliyezaliwa na ngozi nyeupe.

Alikuwa angali mvulana alipoanza kuokota vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, ambavyo wenyeji walivihusisha na mizimu. Alivipeleka kwa Arthur Loveridge, msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya Nairobi. Bwana huyo hakumcheka. Alimthibitishia kwamba baadhi ya vipande hivyo vilikuwa zana halisi za watu wa kale. Tangu siku hiyo kijana akaanza kuweka orodha ya vitu alivyoviokota na mahali alipoviokota. Msomaji na aikumbuke orodha hiyo, maana baadaye mwenyewe aliisahau hekima yake.

Teke la kichwa

Mwaka wa 1922 Leakey alijiunga na Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka uliofuata, akicheza raga, alipigwa teke la kichwa. Maumivu makali ya kichwa yalimwandama hata akashindwa kusoma, na katika miaka ya baadaye alisumbuliwa na kifafa kilichotokana na jeraha hilo.

Ubongo ni kiungo laini kinachoelea katika maji ndani ya sanduku gumu la mfupa. Kichwa kinapogongwa, ubongo hutikisika na kugonga kuta za sanduku hilo, na makovu madogo yanayobaki yanaweza kuvuruga mawasiliano ya umeme baina ya seli zake. Hicho ndicho chanzo cha kifafa cha namna ile. Si pepo wala si laana, ingawa hata leo wapo wazazi, vijijini na mijini, wanaowaficha watoto wao wenye kifafa kwa kuamini hivyo.

Daktari alimshauri aweke vitabu kando na kuishi nje, penye hewa safi. Ushauri huo ndio uliomfanya mwaka wa 1924 aajiriwe katika msafara wa Makumbusho ya Uingereza uliokwenda Tendaguru, karibu na Lindi, kuchimba mifupa ya dainosari chini ya William Cutler. Huko alijifunza namna ya kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Cutler mwenyewe alifariki mwaka uliofuata kwa maradhi. Leakey alirejea Cambridge na mwaka wa 1926 akahitimu kwa daraja la juu kabisa, Kikuyu ikiwa miongoni mwa lugha alizotahiniwa.

Vigingi vya Kanam

Miaka sita baadaye alikuwa tayari nyota. Mwaka wa 1932, katika eneo ambalo leo liko Kaunti ya Homa Bay, msaidizi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya ya binadamu huko Kanam. Karibu na hapo, Kanjera, yalipatikana mabaki ya mafuvu. Leakey alitangaza kwamba hao walikuwa watu wa kale mno, na mwaka wa 1933 mkutano wa wataalamu huko Cambridge ukamuunga mkono.

Hata hivyo, mwanajiolojia Percy Boswell hakuridhika. Alitaka kuoneshwa mahali hasa taya ilipotoka, kwa kuwa umri wa mfupa hutegemea tabaka la udongo lililoubeba. Leakey, kwa kujiamini, alimwalika aje ajionee, na mapema mwaka wa 1935 Boswell akafika.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Vigingi vya chuma alivyoviacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, kwani chuma kilikuwa na kazi nyingine yenye manufaa zaidi. Mvua zilikuwa zimebadilisha sura ya makorongo. Picha zake mwenyewe zilikuwa zimeharibika kwa hitilafu ya kamera, na picha aliyokuwa ameitumia kama ushahidi ikabainika kuwa ya mahali pengine kabisa. Hakuwa na ramani ya kutosha. Alibaki na kumbukumbu yake tu, nayo ilimpeleka huku na kule bila kutua. Boswell aliporudi Uingereza alichapisha taarifa kali katika jarida la Nature, na jina la Leakey likaporomoka.

Mambo yaliharibika zaidi kwa sababu wakati huohuo alikuwa amemwacha mkewe wa kwanza, Frida, na kumwendea Mary Nicol, msanii na mwanaakiolojia aliyemwoa mwaka wa 1936. Milango ya Cambridge ikafungwa. Kadhalika, uchunguzi wa miongo ya baadaye ulionyesha kwamba watu wa Kanjera hawakuwa wa kale kama alivyodai.

Kumbukumbu si ghala

Katika chuo hichohicho cha St John's alikuwepo mwanazuoni mwingine, Frederic Bartlett, aliyekuwa profesa wa saikolojia. Mwaka uleule wa 1932 Bartlett alichapisha kitabu juu ya kukumbuka, ambacho hadi leo wanafunzi wa saikolojia hawawezi kukikwepa. Aliwapa watu hadithi ngeni kwao waisome, kisha akawataka waisimulie baada ya muda. Kila waliporudia, hadithi ilipungua, ikanyooshwa, ikavikwa mambo waliyoyazoea. Hitimisho lake lilikuwa kwamba kumbukumbu si ghala ambamo vitu huwekwa na kutolewa vilevile. Kila tunapokumbuka, akili hujenga upya kwa vipande vilivyosalia na kuziba mapengo kwa mambo inayodhani yalikuwepo.

Hatari ni kwamba aliyeziba pengo hajui kwamba ameliziba. Hakika aliyo nayo mtu moyoni si kipimo cha ukweli wa anachokumbuka. Jambo hili linapaswa kuwashughulisha mahakimu, polisi, wanahabari na wazee wa mabaraza ya ardhi.

Bartlett hakusema kwamba kumbukumbu haina thamani. Aliwahi kumhoji mchungaji wa Kiswazi kuhusu ng'ombe walionunuliwa takriban mwaka mmoja kabla, na mchungaji huyo akawataja mmoja baada ya mwingine, pamoja na rangi na bei, kwa makosa machache madogo. Mfugaji wa Kimaasai wa Isinya au Bisil hatashangazwa na habari hiyo, kwani naye humtambua ng'ombe wake kwa rangi, pembe na ukoo bila kitabu. Akili hushika barabara mambo yenye maana katika maisha ya mwenyewe na yanayorudiwa kila siku. Leakey hakuishi na makorongo ya Kanam. Aliyapita tu.

Mwaka wa 1937 alirejea Kenya na kuanza kuandika desturi za Wakikuyu. Safari hii hakumtegemea mtu mmoja. Kwa msaada wa Chifu Koinange wa Mbiyu, alikaa na wazee kadhaa waliosikilizana na kusahihishana. Kumbukumbu ya mmoja ilipimwa kwa ya mwingine. Kazi hiyo kubwa ilichapishwa kwa majuzuu matatu mwaka wa 1977, miaka mitano baada ya kifo chake.

Olorgesailie

Kutoka Kitengela, msafiri hufuata barabara kuu ya Namanga hadi Isinya, akakata kulia kuelekea Kiserian, kisha akashika barabara ya Magadi na kuteremka Bonde la Ufa kupitia Corner Baridi. Joto huongezeka kila kilomita. Kwenye bonde jeupe lililokuwa ziwa hapo kale, chini ya mlima wa volkano iliyozimika, ndipo ilipo Olorgesailie, kilomita zipatazo 70 kusini magharibi mwa Nairobi.

Mwanajiolojia J. W. Gregory alikuwa ameona zana za mawe eneo hilo mnamo 1919, lakini mahali penyewe pakapotea tena. Wakati wa Pasaka mwaka wa 1942 Louis na Mary walipazuru, na wakajikuta mbele ya mashoka ya mawe yaliyotapakaa kwa wingi usio wa kawaida. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, hivyo wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakatumiwa katika uchimbaji.

Uamuzi uliochukuliwa hapo ndio unaomtofautisha Leakey wa Kanam na Leakey wa Kajiado. Badala ya kuzoa zana zote na kuzijaza katika masanduku, nyingi ziliachwa palepale zilipolala, na njia ya mbao ikatengenezwa juu yake ili mtu apite akitazama. Mwaka wa 1947 mahali hapo pakafunguliwa kwa umma kama makumbusho, na wajumbe wa kongamano la kwanza la Afrika kuhusu historia ya kale, lililofanyika Nairobi, wakapelekwa kuona. Mwenye shaka hakuhitaji tena kumuuliza Leakey anakumbuka nini. Angeangalia mwenyewe. Haki itendeke: umakini mwingi wa kupima na kuchora ulikuwa wa Mary.

Leakey aliweza kuyachonga mashoka hayo kwa mikono yake. Mbele ya wageni angegonga jiwe kwa jiwe hadi likapata makali, kisha akachuna mnyama kwalo. Wanasaikolojia huita maarifa hayo kumbukumbu ya utendaji: ile inayokaa katika mazoea ya mikono, kama ya kuendesha baiskeli au kufuma shanga, na ambayo mara nyingi husalia hata mgonjwa anaposahau mambo ya jana.

Ubongo na mizani

Katika miaka hiyohiyo ya 1930, baadhi ya madaktari wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi walikuwa wakipima ubongo wa Mwafrika. Mwaka wa 1934 Dkt F. W. Vint alichapisha matokeo ya uchunguzi wa bongo 100 na kudai kwamba uzito wake ulipungua ule wa Mzungu kwa zaidi ya asilimia 10. Mnamo 1953 Dkt J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliandika katika ripoti ya Shirika la Afya Duniani kwamba Mwafrika hatumii vyema sehemu ya mbele ya ubongo wake.

Kasoro za utafiti wa aina hiyo sasa hufundishwa darasani. Waliofariki hospitalini, wengi wao maskini na wagonjwa, hawawezi kusimama badala ya taifa zima. Wagonjwa wa akili hawawezi kutumiwa kueleza wazima. Zaidi ya hayo, uzito haupimi akili. Mwandishi Mfaransa Anatole France, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1921, alipofariki alikutwa na ubongo wa takriban kilo moja tu.

Leakey naye aliingia katika hesabu hizo kwa mlango mwingine. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Tanganyika, Mary alipata fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, ambalo nafasi ya ubongo wake ilikuwa takriban sentimita za ujazo 530. Mwaka uliofuata mwana wao Jonathan alipata mabaki ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi. Mwaka wa 1964 Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimwita Homo habilis, yaani mtu stadi. Mwanazuoni Arthur Keith alikuwa ameweka mpaka kwamba asiyefikisha sentimita 750 si mtu. Leakey na wenzake waliushusha hadi 600, wakazingatia pia mkono na utengenezaji wa zana. Mabishano yakawa makali, lakini hoja ilikuwa imepenya: mtu hupimwa pia kwa anachokifanya.

Macho ya kuona

Mwaka wa 1957 Jane Goodall, kijana asiye na shahada, aliajiriwa na Leakey kama karani katika Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Mwaka wa 1960 alimtuma Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwatazama sokwe. Alimtaka mtu ambaye akili yake haikuwa imejazwa nadharia, atakayeandika anachokiona badala ya alichofundishwa kukitarajia. Mwaka huohuo Goodall aliwaona sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa, na ikabidi wataalamu wafikiri upya juu ya madai kwamba binadamu pekee hutengeneza zana. Dian Fossey alifuata kwa sokwe wakubwa wa milimani, na Biruté Galdikas kwa orangutani wa Borneo. Galdikas alisimulia jinsi Leakey alivyompima kwa karata zilizofunikwa, na jinsi yeye alivyogundua kwamba nusu yake zilikuwa zimekunjwa kidogo. Aliyekuwa akitafutwa ni mtu wa kugundua kitu kama hicho.

Hata hivyo, aliyewachagulia wengine macho huru hakufaulu daima kuyalinda ya kwake. Wakati wa Hali ya Hatari aliitumikia serikali ya kikoloni, na katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria alikuwa mkalimani hadi mawakili wa utetezi walipopinga kwamba anaegemea upande mmoja, akajiondoa. Katika miaka ya 1960 alishikilia kwamba mawe ya Calico, jimbo la California nchini Marekani, yalikuwa zana za binadamu wa kale sana. Wataalamu wengi waliona ni mawe yaliyovunjwa na maumbile tu. Mary alikuwa miongoni mwao, na tofauti hiyo ilichangia kuwatenganisha. Saikolojia ina maelezo ya udhaifu huo: mtu akishatamani jibu, macho humletea yanayoliunga mkono na kuyaruka yanayolipinga. Usomi si kinga dhidi ya ugonjwa huo.

Siku za mwisho

Mwishoni mwa Septemba 1972 mwanawe Richard, ambaye walikuwa wamekosana kwa muda mrefu, alimwonyesha fuvu kutoka Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, ambalo vipande vyake viliokotwa kwanza na Bernard Ngeneo. Lilikuwa na ubongo mkubwa kuliko wa Homo habilis, na mzee alifurahi mno. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1972, alifariki London kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Huko Olorgesailie hakuwahi kuona hata mfupa mmoja wa waliochonga yale mashoka. Mwaka wa 2003 kikosi cha Rick Potts wa Taasisi ya Smithsonian, kikishirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kilipata vipande vya fuvu la mtu aliyeishi pale zaidi ya miaka 900,000 iliyopita. Ubongo wake ulikadiriwa kuwa chini ya sentimita za ujazo 800, ukilinganishwa na takriban 1,350 za binadamu wa leo. Ulikuwa ubongo mdogo, lakini katika enzi yake mashoka yalichongwa yanayowastaajabisha wageni hadi leo. Safari hii tabaka la udongo lilijulikana, likapimwa, likaandikwa.

Basi mkazi wa Kitengela anayekwenda kuonyeshwa ploti ana mwalimu wa karibu. Apige picha, lakini ahakikishe ni ya mahali penyewe. Amwite mpimaji aliyesajiliwa, ahifadhi ramani, aandike siku na majina ya walioshuhudia. Akishafanya hayo, ndipo amsikilize mzee wa eneo hilo, ambaye kumbukumbu yake ina thamani kubwa inapopimwa kwa ushahidi mwingine. Leakey alidhani angekumbuka. Miaka mitatu tu ilitosha kumwonyesha kwamba hakika ya moyo hung'oka kwa urahisi kuliko kigingi.